Mama Mpya, Mwezi wa Tatu

Jumamosi, tarehe 10 Februari. Asubuhi ilikuwa na baridi kavu, nyuzi nne chini ya sifuri, na ukungu ulilala juu ya mto hata daraja halikuonekana.

Zlatina Karadzhova alipiga ishara ya msalaba, akaomba kama alivyoomba kila siku kabla ya kugusa kompyuta: "Bwana, nipe uvumilivu kwa watu wasiojua kuuliza." Kisha akafungua jukwaa la mtandaoni la wafugaji nyuki. Maswali kumi na manne yalikuwa yakimngoja. "Nyuki wangu wana nini?" Basi, hakuna zaidi. "Sukari au hapana?" Mwingine aliandika kwamba mzinga wake unanuka, asiseme unanuka nini. Kila mmoja alimjibu maneno yaleyale: taja aina ya mzinga, idadi ya fremu, hali ya hewa, na lini uliufungua mara ya mwisho. Miaka minne alikuwa msimamizi wa jukwaa hilo bila malipo, na majira haya ya baridi macho yalimuuma kabla hata ya chai.

Hakuwa mtu wa kuwadharau wasiojua kuandika. Alishona makoti kiwandani miaka thelathini, akamaliza sekondari akiwa na miaka hamsini na saba, katika madarasa ya jioni, dawati moja na wasichana wa umri wa binti wa ndugu yake. Ndiyo maana swali lililoandikwa ovyo lilimkera kama mshono uliopinda. Hakuweza kulipita bila kulinyoosha.

Juu kabisa ya orodha lilikuwa bado swali la Alhamisi. Lilitoka kwenye akaunti ya Ognyan, mfugaji wa mtaa wa juu mwenye mizinga arobaini, lakini liliandikwa kama na mtu asiyewahi kuona nyuki:

"Mama mpya ni mwezi wa tatu sasa na hawajampokea. Wanamgeuzia mgongo, hawali naye. Wa kwanza alikufa kiangazi. Afanye nini?"

Wafugaji wa huko malkia wa nyuki humwita mama, na Zlatina hakuwaza mama mwingine. Siku ile ya Alhamisi alilisoma amechoka, akaanza kulirekebisha. Mwezi wa tatu? Nani anaingiza mama mzingani Novemba? Akaandika "siku ya tatu." "Hawali naye" akaigeuza "hawamlishi." "Afanye nini" ikawa "nifanye nini." Chini yake akajibu: mama asiyepokelewa ni mama mbovu, mtoe. Majibu mengine tisa yakafuata, yote ya aina hiyo. Mzee Rangel, msimamizi mwenzake, aliandika kwa kifupi: "Mtoe mapema, usimwonee huruma. Ukichelewa watamuua wenyewe." Zlatina akaweka alama kwamba swali limejibiwa.

Sasa alizima kompyuta, akafunga chupa yake ya asali kwa kitambaa, akaenda kanisani. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Haralampi, mlinzi wa wafugaji nyuki. Chupa zilijaa mezani, kila moja na mshumaa juu ya kifuniko chake, na Baba Avakum akazibariki moja moja bila haraka. Zlatina alijaribu kuomba. Kila alipofumba macho aliona orodha ya maswali.

Ibada ilipokwisha, watu walisimama uani wakila mkate uliopakwa asali.

"Umezeeka wiki hii, dada," Rangel alimwambia.

"Ni hao watu wenu, kaka. Watanizika na fremu zao." Akamwona Ognyan akipita. "Ognyan, hebu njoo. Mtu wa mizinga arobaini unaingiza mama wakati wa theluji? Au ni pombe ya rakia iliyokuwa ikiandika?"

"Mama gani, shangazi?"

"Huyo uliyeuliza Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa mjini Pleven kutwa nzima."

Zlatina akamwonyesha simu. Ognyan alisoma marekebisho, kisha akabonyeza akasoma maneno ya mwanzo. Alisoma mara ya pili, midomo ikitembea.

"Huyu ni Nedelya," alisema polepole. "Hutumia kompyuta yangu kutafuta mapishi. Tulioana Novemba, baada ya mama wa mabinti zangu kufa."

Rangel aliacha kutafuna.

"Asubuhi amefunga sanduku," Ognyan aliendelea. "Anakwenda kwa dada yake Lovech, kwa basi la saa saba mchana. Nikamuuliza kwa nini, akasema amewauliza watu wenye ujuzi, na wote wamesema neno moja."

"Nimeandika asionewe huruma," alisema Rangel. "Kwa mkono wangu huu."

"Yuko wapi?" Zlatina aliuliza.

"Ndani."

Zlatina aliingia kanisani. Nedelya alikuwa amesimama mbele ya sinia la mchanga wanapowekewa marehemu mishumaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti limefungwa hadi shingoni, sanduku miguuni. Hatua chache kutoka kwake, mabinti wawili wa Ognyan walikuwa wakitafuta chupa yao mezani, wamempa mgongo.

Zlatina hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye kosa. "Lile swali lako ni mimi niliyelirekebisha. Nilidhani unauliza habari za nyuki."

Nedelya alichomeka mshumaa mchangani. "Niliona kichwa cha mjadala kwenye kompyuta ya Ognyan: 'Namna mama mpya anavyopokelewa.' Nikasema, afadhali, kumbe kuna mahali watu wanazungumza mambo haya." Akapangusa nta kidoleni. "Nikaona mmeigeuza miezi yangu kuwa siku. Nikafikiri mmenisitiri."

"Nilifikiri umekosea."

"Nilikosea pale pa 'afanye nini.' Niliona haya kuandika 'nifanye.' Hapo ulirekebisha sawasawa."

Zlatina alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Nisamehe. Watu kumi tumekuhukumu, na hakuna aliyekuuliza."

"Nimekusamehe. Sasa jibu ni lipi?"

"Silijui, mwanangu. Sijawahi kuingia nyumba aliyoiacha mwanamke mwingine. Ninajua tu kwamba jibu lile halikuwa lako."

Binti mkubwa, Siyana, alikuwa amegeuka, chupa mkononi. "Hilo sanduku ni la nini?"

"Ninakwenda kwa dada yangu."

"Mpaka lini?"

Nedelya alilisogeza sanduku karibu zaidi na miguu yake.

"Sisi hatukusema uende," Siyana alisema. "Tulisema supu imezidi chumvi."

"Mlisema mama yenu hakuitia chumvi hivyo."

"Hakuitia." Msichana alitazama sakafu. "Lakini hatukusema uende."

Mdogo wake alimvuta mkono, akamnong'oneza kitu. Siyana akamwambia anyamaze. Baba Avakum, aliyekuwa akizima mishumaa, alisimama pale alipokuwa. Mlangoni Ognyan alishika kofia yake kwa mikono miwili, na Rangel nyuma yake akichungulia.

"Na wewe," Nedelya alimwambia mumewe bila kupaza sauti, "nyuki unawakagua kila wiki. Miezi mitatu hujaniuliza hata mara moja nimelalaje."

"Sikuuliza," Ognyan alisema. "Ni kweli."

Zlatina aliomba kimya, bila maneno yoyote ya kunyoosha. Nedelya alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili, akashusha pumzi kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Baba, unasikia?" alimwambia padri. "Na ninyi wote msikie. Nitakaa mpaka Pasaka. Siku hiyo nitawauliza hawa watoto wenyewe kama nibaki, mezani, kwa mdomo wangu, na watakalonijibu ndilo nitakalofuata."