Wanawake wa Vugo Mbele ya Kadhi

Miaka ile reli ilikuwa bado mpya Mombasa, na Abdulhalim, karani wa kadhi, alikuwa na hati nzuri na dharau nzuri zaidi. Wanawake wakipita Ndia Kuu wakiimba na kugonga vugo, ile pembe ya nyati ya harusini, yeye hufunga dirisha. "Upuzi mtupu," humwambia mkewe, naye mkewe humwacha aseme.

Siku hiyo Mejumaa, mjane wa Faraji, alikuwa amekaa nyuma ya pazia la kadhi. Kamaludin, mtoto wa marehemu kaka yake Faraji, alidai kwamba bibi huyo hakuolewa kamwe, alikuwa mpishi tu. Cheti hakuna, na mashahidi wawili wa ndoa walikwisha kufa. Akishindwa, Mejumaa hana eda wala urithi, na mji utasema aliishi na mwanamume kwa haramu miaka ishirini na miwili.

Kadhi akamuuliza ana ushahidi gani.

"Nna wenzangu wa vugo, shekhe. Waliniimbia."

Kamaludin akacheka. Abdulhalim naye nusura acheke. Kadhi hakucheka. Ndoa, alisema, huthibiti pia kwa kutangaa kwake. Akaamuru wanawake hao wakae ua wa jirani, waitwe mmoja mmoja, huyu asimsikie yule.

Wa kwanza akaingia nyuma ya pazia, akaimba kwa haya:

*Mejumaa kaolewa, Faraji katoa pete,*
*Shahidi ni Yeslamu, pilau kaila yote.*

Abdulhalim aliona aibu kutia habari za pilau katika daftari la sheria. Akaja wa pili, maneno yale yale. Wa tatu alikuwa kikongwe asiye na meno, na maneno ni yale yale. Walipofika kumi na mmoja, wino ulikuwa umekauka kwenye kalamu ya karani. Yeye na wenzake hawakupata kunakili ukurasa mmoja bila kuhitilafiana. Hawa wasiojua kusoma walikuwa wameichukua ndoa ya mtu vifuani mwao miaka yote hiyo, na halikudondoka neno. Alijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuchukia kujiona hivyo.

Wa kumi na mbili alipofungua kinywa, Kamaludin akainuka. Sauti ile aliijua. Alikuwa Zubeida, mamake.

"Mama, nawe pia?"

Zubeida akaendelea kuimba mpaka akaumaliza wimbo.

"Wimbo huu ulitungwa na nani?" kadhi akauliza.

"Ni miye, shekhe. Faraji ni shemeji yangu, na vugo naligonga mimi. Mwanangu huyu nalimbeba mgongoni."

Kamaludin akaketi. Kadhi akamgeukia karani wake.

"Andika: mke wa Faraji."

Abdulhalim akachovya kalamu upya, akaandika.