Saba Mara Tatu ni Pa!

Asikwambie mtu: hakuna kero kama kufundisha pua na mdomo na shangazi yako mwenyewe. Ticha Ngoma, ndivyo watoto walivyombatiza, alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, kichwa kimejaa midundo. Darasa lake la nne na darasa la tatu la Shangazi yalitenganishwa na ubao wa plaiwudi tu, tena wenye tundu la kupitisha kidole. Huku akipiga ngoma, kule chaki zinaruka.

Na alikuwa na vitu! Bongo, zile ngoma pacha ndogo za kubanwa magotini, marakasi ya kutikisa, kengele ya ng'ombe, sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia kisha akalichapa kwa mbele, vyote amechangiwa na wenzake wa chuo waliozurura dunia na muziki. Na ngoma moja kubwa, jina lake Bi Mkubwa, ambayo hakumwachia mtoto hata mmoja. Kila tebo ya kuzidisha aliitafutia mdundo wa nchi fulani. Tebo ya saba aliipa mdundo wa mapigo saba, ule wa huko mbali wanakocheza kama wanachechemea. Watoto waliupenda, usiseme!

"We mtoto, unanipasua kichwa," Shangazi alimkamata koridoni.

"Ni hesabu hiyo, Shangazi."

"Hesabu gani inatikisa madirisha? Ningejua, ningekupeleka ukasomee ushonaji!"

Akaenda kushtaki. Mkuu wa shule, ambaye meza yake ilishachoka na kesi za ukoo huo, akatoa neno: Ijumaa atakuja na maswali ya tebo ya saba, bila ngoma. Wakijibu, ngoma zinabaki. Wakichemka, zinaingia stoo na ufunguo anakaa nao yeye.

Ticha Ngoma akacheka moyoni. Tebo ya saba? Si wanaiimba hadi chooni!

Alhamisi akajaribu bila ngoma. "Saba mara tatu?"

"Pa!" akajibu mmoja.

"Acha utani. Wewe, saba mara tatu?"

"Pa, ticha."

Akauliza wa tatu, akauliza wa dirishani. Pa. Jasho likamtoka. Ndipo akakumbuka: saba, kumi na nne, halafu hapo kwenye ya tatu, yeye mwenyewe, kwa raha zake, humshukia Bi Mkubwa kwa nguvu zote. PA! Kisha ishirini na nane. Namba ilikuwa inazikwa chini ya ngoma kila siku. Watoto hawajawahi kuisikia! Kwao ile pa ndiyo jibu.

"Ni ishirini na moja!" alipiga kelele karibu kulia. "Semeni!"

"Ishirini na moja!"

Walisema, walirudia. Wakishapata moto tu, miguu ikianza kuchechemea chini ya madawati, pa inarudi. Mpaka kengele ya kwenda nyumbani, sauti imemkauka kabisa.

Ijumaa Mkuu akasimama mbele, mikono nyuma. "Saba mara mbili?"

"Kumi na nne!"

"Saba mara tisa?"

"Sitini na tatu!"

Nyusi za Mkuu zikapanda. Ticha Ngoma akaanza kupumua.

"Saba mara tatu?"

Wakatazamana. Kisha darasa zima, viganja juu ya madawati: "PA!"

Mkuu hajafumbua mdomo, ubao ukatikisika kwa sauti za darasa la tatu lote: "ISHIRINI NA MOJA!" Ikafuata ya Shangazi, peke yake: "Ishirini na moja, jamani, mtaniua! Kila siku pa, kila siku pa!"

Mkuu akatoka mbio kwenda upande wa pili, Ticha Ngoma nyuma yake.

"Hawa si bado wako tebo ya nne? Nani kawafundisha ya saba?"

Watoto wakanyoosha vidole ubaoni, palepale kwenye tundu. Akawauliza mbele, akawauliza nyuma, akawauliza kwa kurukaruka. Hawakukosa hata moja, na miguu yao yote inachechemea.

"Mimi sijafundisha kitu," Shangazi alijitetea. "Hilo pengo lilikuwa linaniwasha, basi nikawa nalijaza. Nao wakanidaka."

Mkuu akajishika kichwa. "Ubao huu utoke. Kuanzia Jumatatu mnafundisha hesabu pamoja."

"Pamoja?" walisema wote wawili.

"Na ngoma?" akauliza Ticha Ngoma, kasauti kamekwisha.

"Ngoma zibaki. Nyinyi ndio natamani kuwafungia stoo."

Jumatatu, seremala hajamaliza hata kukusanya misumari yake, Shangazi huyo, kavuka na kiti chake.

"Sogea. Unachelewesha mdundo. Wiki zote hizi nakusikia, unachelewesha."

"Shangazi, mimi nimesomea!"

"Umesomea kuchelewesha. Lete hiyo ngoma." Akamvuta Bi Mkubwa katikati ya magoti, akageukia watoto. "Sikilizeni. Tukifika ya tatu, hakuna anayegusa kitu. Hata mimi. Tunasema namba tu. Haya!"

Marakasi yakaingia, kengele ikafuata. Saba! Kumi na nne! Watoto wakainua mikono juu, wakavuta pumzi.

PA!

Kila mtu akamgeukia Shangazi.

"Shangaziii!"

"Mkono umeteleza," alisema, huku anaukaza mkanda wa ngoma. "Rudieni mwanzo."