Reki ya Theuri

Saruji ilikuwa bado mbichi Waithira alipoifikia. Aliyeisawazisha alikuwa ameacha alama za vidole vinne pale ambapo jana maji yalikuwa yakiingia mferejini.

Mfereji huo ulichimbwa na mumewe, Theuri, mwaka wa 1965, alipoajiriwa kulinda mtambo wa umeme mtoni, chini ya mji. Makubaliano yake na msimamizi wa wakati huo yalikuwa ya mdomo: maji kidogo yapite shambani, na wenye shamba wavute majani ya mikaratusi yanayoziba vyuma kwenye mdomo wa bomba la mtambo. Theuri alifariki miaka kumi baadaye. Waithira aliendelea kuvuta majani kila alfajiri kwa reki ya marehemu, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, hakuna aliyejua. Hayo ndiyo mazungumzo waliyobaki nayo, yeye na mumewe.

Sasa nduma zake, magimbi ya kando ya mfereji, zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja kukomaa, na udongo ulikuwa umeanza kupasuka. Akapanda mjini.

"Ni kiangazi, mama," alisema Bwana Gicheru wa ofisi ya maji. "Kila tone liende kwenye mtambo. Mtambo usipozunguka, pampu haipandishi maji mjini. Mambo ya chakula ni ya kilimo."

Kilimo wakamwambia wao hutoa mbegu na mawaidha. Mtambo ni wa watu wa stima, aulize huko.

"Sisi tunauza stima," alisema Kihara wa ofisi ya umeme, bila kuinua macho. "Nduma ziko sokoni."

"Zitakuwa sokoni nikipata maji."

"Ati maji? Hiyo ni ofisi ya maji, mama."

Ofisi zote tatu zilikuwa kwenye veranda moja. Chai yao ilitoka kwenye birika moja, na Waithira aliiona ikipita mlango hadi mlango, ikifika kila mahali bila barua wala muhuri. Siku tatu alizunguka veranda hiyo, kila mlango ukimuuliza ametoka ofisi gani. Jioni ya siku ya tatu aliichomeka reki kwenye dari la jikoni, na kesho yake akalala hadi jua likachomoza. Alijihisi kama mtu aliyemnunia marehemu.

Siku ya sita stima ilipotea mji mzima. Pampu ikanyamaza. Hospitalini wakaanza kubeba maji kwa ndoo, na hotelini kwa Jashbhai moto wa kuni ukawashwa uani, ingawa kwa kiangazi hicho cha kupikwa kilikuwa haba.

Saa nne asubuhi Bwana Gicheru aliteremka bondeni kwa viatu vyake vya ofisi. Alikuwa ameona majani yaliyorundikana kwenye vyuma, na kando yake, ukingoni, kijia kilichokanyagwa miaka mingi hadi mlangoni kwa Waithira.

"Mama Murugi," alisema, akiwa amekwisha kuuliza jina la mzaliwa wake wa kwanza. "Ni wewe uliyekuwa ukisafisha pale?"

"Ni mume wangu. Mimi nilimalizia."

"Mbona hukusema?"

"Siku tatu, Bwana Gicheru. Mliniuliza nimetoka ofisi gani."

Gicheru akajifuta jasho shingoni. "Basi nitaandika. Lakini katika faili gani? Ya maji, ya stima au ya kilimo?"

Waithira aliingia jikoni. Alitoka na reki mkono mmoja na sururu mkono wa pili, akampa sururu.

"Anza na saruji," alisema. "Reki utapewa baadaye."

Gicheru alitazama viatu vyake, akavivua, akavipanga juu ya jiwe. Saruji ilipasuka kwa pigo la nne. Maji yalisita, kisha yakaingia yakiwa na rangi ya vumbi, yakafika kwenye nduma ya kwanza.

Alipouchukua mpini wa reki, aliushika karibu na meno.

"Si hapo," alisema Waithira. Akausogeza mkono wa Gicheru nyuma, hadi kidole gumba kikatulia kwenye kishimo kilicholika mpinini. "Hapa."