Unga wa Magoti wa Bi Mwantum

Presha ya Bi Mwantum ilizidi kushuka, na Rukia, mke wa mwanawe, alikuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali.

Dokta Edina alipima tena, akaguna. "Homa ya mapafu nimeitibu, dripu ya pili hii inaisha, mbona presha hainuki? Dada, mama anatumia dawa gani nyumbani?"

"Mizizi tu," Rukia akajibu.

Muongo mkubwa! Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyotwanga vidonge vya dukani na kuvichanganya na mizizi, Bi Mwantum akauze sokoni Majengo: unga wa maumivu ya magoti, ukilamba leo kesho unacheza ngoma. Bibi mwenyewe aliulamba mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, akaingiwa na hofu ya Mungu. Akafunga biashara, akaacha na kulamba, ila akamwapisha Rukia: siri hii ikitoka, tumekwisha.

Mkono wa bibi ukawa baridi. Macho yakapinduka.

"Kuna vidonge!" Rukia akalipuka, akavitaja jina. "Tunavisaga kwenye unga wa mizizi, dokta. Ameacha siku kumi!"

Edina hakugomba. Alichoma sindano kwanza, maneno yakafuata. "Vijidudu vikiingia, askari wa mwili hupeleka ujumbe kwenye ubongo. Ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni ya kuhimili shida. Vidonge hivi ni homoni hiyohiyo. Tezi zikilishwa mwaka mzima, zinalala. Leo ujumbe umetumwa, hakuna wa kuitika; sindano hii ndiyo itakayoitika badala yake."

Saa nzima Rukia aliiangalia ile mashine, roho mkononi. Presha ikapanda kidogo, ikapanda tena. Bi Mwantum akaomba maji. Rukia akalia kwa sauti, aibu akaiweka kando.

"Nani mwingine aliutumia unga huo akaacha ghafla?" Edina akauliza.

Wateja wote wa Majengo! Lakini jina la kwanza lililomjia halikuwa la mteja. Akapiga simu Kondoa, kwa mama yake mzazi, ambaye Rukia mwenyewe alikuwa akimtumia unga huo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa hafifu. "Tangu jana natapika, mwanangu, hata kusimama siwezi. Ule unga wako umeniishia. Nitumie mwingine, ndio ulionifaa."

"Mama, usiungoje. Mwambie kaka Halfani akupeleke hospitali sasa hivi. Waambie madaktari mwanao alikuwa anakulisha vidonge."