Hewa ya Nyumba ya Mama Saumu

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wa Baraka, wenye pua na wasio na pua: siku hiyo Serikali yenyewe ilikuja kunusa nyumba ya Mama Saumu. Serikali ilifika juu ya pikipiki, tope hadi magotini, na kabla ya yote ikaomba kuonyeshwa choo.

Jina lake lilikuwa Madame Ketsia. Alipotoka chooni alifungua sanduku, akatoa mashine yenye bomba refu. Alieleza kwamba ndani yake unawaka mwali mdogo wa hidrojeni. Mashine inavuta hewa, mwali unachoma mvuke wa petroli uliomo, na kadiri mvuke unavyozidi ndivyo namba inavyopanda kwenye kioo. Namba ikipita kiasi, depo ya mafuta iliyo nyuma ya ukuta itafungwa.

Saumu alisikiliza amekunja mikono. Tangu depo ijengwe, anatawadha kwa maji yanayonuka petroli, na anasali huku kichwa kinamgonga.

Patron Norbert, mwenye depo, alisimama uani akitabasamu. Alikuwa amejulishwa mapema. Mapipa yake yote yalikuwa yamefungwa tangu jana yake, na upepo wa ziwa ukafagia kilichobaki.

"Madame, anza na kisima," Saumu alisema.

"Mama, ordre de mission, hii karatasi ya safari, inasema hewa ya ndani ya nyumba. Kisima haiko ndani."

"Nilijua utasema vile. Ingia basi."

Bomba likavuka kizingiti. Namba ikaruka, mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Tabasamu la Patron Norbert likaanguka, lakini pua ya muuza mafuta haidanganyiki. Alikwenda moja kwa moja hadi kitandani, akauvuta mkeka uliokuwa uvunguni. Ulikuwa umelowa petroli chapachapa.

"Angalia! Huyu mama alimwaga esanse! Komanda Iddy, kuya uone mwizi!"

Iddy, polisi anayelinda lango la depo, akaingia akirekebisha kofia.

"Mama Saumu, ni we ulimwaga?"

"Ni mi." Hakuinamisha hata macho. "Karatasi yenu inataka hewa ya nyumba. Basi nikaletea nyumba kisima."

Akawatangulia nje, akavuta ndoo kutoka kisimani. Juu ya maji palielea tabaka la petroli, likimeta rangi rangi.

"Nilichota pa juu tu, na kopo. Maji ya chini njo ile tunakunywa."

Ketsia alilishusha bomba lake kisimani, na karatasi ya safari ikabaki mfukoni. Namba ikapanda, ikapanda, kisha kioo kikawa kitupu.

"Mwali imezimika," alisema taratibu. "Mvuke ni mingi, imeshinda mashine."

"Basi andika."

"Niandike nini, mama? Namba haiko."

Patron Norbert ndiye aliyecheka kwanza.

"Kama haiko, haiko. Komanda, fanya kazi yako. Baraka hii, esanse iko kwa nani? Iko kwangu. Aliiba."

"Patron, ilifika namna gani kwa kisima yangu?"

"Utaelezea kwa bureau."

Kwa bureau ya polisi, Iddy alifuta meza kwa kiwiko, akaandaa karatasi.

"Unakubali ulichukua esanse ya Patron Norbert?"

Saumu alivuta kiti, akakaa vizuri kama mgeni wa heshima.

"Nakubali. Andika polepole, usiruke neno. Nilichukua kwa kisima yangu, na kamba yangu, na kopo yangu. Na mukiniachilia leo, kesho nitachukua tena, sababu haiishi. Kila siku Patron anaongeza."

Kalamu ya Iddy ilikuwa imesimama tangu neno la kwanza. Iddy akamsogezea wino wa kutia kidole.

"Soma kwanza," Saumu alisema, mikono yake ndani ya kitenge. "Soma yote nilisema."

Iddy akakohoa, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"'Nakubali,'" alisoma.

"Na ingine?"

"Hapo inatosha, mama. Leta kidole."