Goli ni la Mfalme

Katika nchi ya Nyasi Fupi amri ya uwanjani ilikuwa moja tu: goli ni la Mfalme Ngiri. Kila asubuhi wachezaji walirudia zoezi lile lile la kushambulia. Pundamilia anakimbilia kushoto kuwavuta mabeki, Swala anapanda winga, krosi inashuka, Ngiri anamalizia. Na hao mabeki wenyewe ni vigingi vya miti, maana Mfalme hakupenda kuguswa.

Siku moja Swala huyo, binti wa Mama Swala mfua jezi, aliona goli liko wazi, akapiga mwenyewe. Mpira ukaingia. Mguu uliopiga ukavunjwa kwa rungu palepale, mama mtu anatazama.

Barazani Mama Swala akapiga magoti. "Mtukufu, keshokutwa tunacheza na Nyati. Tukifungwa chemchemi ni yao mwaka mzima, na mila inasema mfalme aliyepoteza chemchemi anafukuzwa nchini. Nyati nao ni vigingi?"

Waziri Kima akacheka mpaka mkia ukatetemeka. "Wewe mama kazi yako kufua jezi. Tangu lini sabuni ikajua mpira?"

"Basi niwekeni mimi winga, baba, mwanangu hawezi kusimama. Zoezi nalijua lote, nalitazama kila siku nikianika."

Ngiri akapendezwa. "Haya. Ila usiongeze kitu."

"Siongezi, Mtukufu. Wala sipunguzi."

Huko nje akawaambia wenzake, "Fanyeni alivyotufunza. Asichotufunza, msimfanyie."

"Na maji je, dada?" Pundamilia akauliza.

"Kiu ni ya mwaka mmoja. Mguu wa mwanangu ni wa mwaka gani?"



Siku ya mechi Nyati walitangulia kwa goli moja. Dakika za mwisho Pundamilia akakimbilia kushoto. Mama Swala akapanda winga, krosi ikashuka miguuni pa Ngiri, safi kama mazoezini. Lakini mabeki hawa walikuwa na pembe, na walitembea. Watatu wakamzingira.

"Njooni! Nipokeeni mpira, nyie!"

Mama Swala akasimama, mkono kiunoni. "Zoezi linaishia hapo, Mtukufu."

Nyati wakamkanyaga Ngiri. Filimbi ikalia. Jua halijatua, Ngiri alivushwa mpaka wa nchi akichechemea, na waliomsukuma ni wachezaji wake.

Mwaka ule tulichimba mchanga kutafuta maji, na hatukumlilia. Nanyi mliokaa juu, nawaambia kama mzazi: mtoto wa mtu msimguse. Mama yake yupo hapo pembeni anafua, na kila hatua yenu anaijua.