Ukuta Ulioshonwa

Kitendawili. Nasubiri useme "tega." Haya: mgeni wangu aliukataa mlango, akatokea dirishani. Umeshindwa? Nipe mji. Naichukua Tabora, halafu nakujibu: ni mtoto wa kupasuliwa. Mmoja alikuwa wa Severa, mpangaji wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano tuliouita yanga.

Severa alitoka hospitali siku ya nane, anatembea ameinama, kanga kaifunga juu isiguse mshono. Mama mkwe wake, Euphrasia, alikwisha kufika kutoka Rombo na mkungu wa ndizi za mtori, maana kwao mzazi hulishwa na kulazwa ndani miezi mitatu, hagusi hata mwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekupasua?"

"Ndiyo, mama."

"Uchungu uliusikia, au walikulaza tu wakamtoa?"

Mtoto akalia, Severa akageuka kumnyonyesha. Euphrasia akauchukua ukimya ule kuwa ndilo jibu. Mtori akampa mwanawe, Gaudens. Severa akaonyeshwa ndoo.

"Kulala umeshalala huko kwa madaktari."

Kesho yake Severa alichota maji bombani. Alipoitua ndoo, ukutani kukawa na ufa, umelala chini ya kalenda, urefu wa shibiri moja. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, nyuzi saba. Ndoo ya pili, uzi mmoja ukakatika, chumba cha jirani kikaonekana. Bi Sofia alikuwa huko anachagua mchele.

"Mama Gaudens, pitisha basi huo mchuzi," alisema. "Si tumekuwa nyumba moja."

"Mchuzi wenyewe hauna nazi, utaukimbia," Euphrasia akamjibu.

Severa akaenda bombani mara ya tatu.

Gaudens alimleta fundi Shomari. Fundi aligusa ufa kwa kidole, akakinusa. Usaha umeanza, alisema. Ukuta huu usiegemewe, usipigiliwe msumari, ukandwe pembeni kwa maji ya vuguvugu, siku arobaini. Akanywa chai yake, akaondoka.

Nyumba nzima ilitii. Bi Sofia alihamisha kabati. Gaudens akawa anavua viatu akipita hapo. Euphrasia aliamka alfajiri kuchemsha maji, akaukanda ukuta kwa kitambaa, taratibu, asiguse uzi. Maji hayo alichota Severa.

Siku ya arobaini ukuta ulikuwa umefunga, limebaki kovu jembamba. Euphrasia aliupapasa.

"Umepona, maskini. Uliteseka."

Severa aliingia na ndoo kichwani, mkono mmoja tumboni. Kanga yake ilikuwa imelowa, na si kwa maji.

"Bado ya kufulia," Euphrasia alimwambia bila kugeuka.

Severa aliitua ndoo.

"Siku mbili, mama," alisema. "Uchungu niliusikia siku mbili."